Sheli ya Chimbwe Kabla ya Kufunguliwa

Jumatatu, 13 Januari 2025

Nimefika Chimbwe saa tisa alasiri. Lami iliishia Mbamba Bay, kutoka pale nikapanda bodaboda na boksi langu la vifaa mapajani. Mto wa kabla ya kijiji bado ni wa kuvuka magurudumu yakilowa nusu tu.

Mzee Abdulmajid amenipokea mwenyewe mlangoni pa duka lake. Ndiye mwenye sheli ninayokuja kufunga umeme, sheli ya kwanza upande huu wa ziwa. Hapa petroli huuzwa kwa chupa za maji mezani, kando ya nyanya na sabuni. Nitalala kwake, chumba cha uani. Mke wake, Bi Hasna, ameniuliza kama Wamatengo tunakula usipa, dagaa wa ziwa hili. Nimemwambia tunakula, tukipata. Amecheka, na usiku kaniletea bakuli zima.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeanza kuchimba mitaro ya nyaya. Tangi limeshafukiwa, pampu imo ndani tayari, mfuniko wake uko juu. Mvua asubuhi, jua mchana. Udongo wa hapa ni mchanga, mtaro ukichimbwa leo kesho umejifukia.

Jumanne, 21 Januari

Mvua kutwa. Sikufanya kitu.

Ijumaa, 24 Januari

Asia, binti wa mzee, amekuja kukaa nami sheli baada ya watu kwenda msikitini. Ana mimba ya kwanza, amerudi kwa mama yake kujifungua. Mumewe, Thabiti, yuko Mbinga mjini, ndiye anayemnunulia mzee mashine zote. Asia alitaka kujua kwa nini taa za darini ninafunga za kawaida za dukani lakini boksi la kwenye pampu nasema hadi lije lenye alama.

Nikamwambia petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, nao hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kukaa mashimoni. Ndani ya tangi upo saa zote. Kwenye shimo la juu ya tangi na ndani ya mashine ya kuuzia huwa unakuja na kuondoka. Ukienda mbali kidogo haupo. Kwa hiyo kila kifaa cha umeme tunauliza kwanza kitakaa wapi. Swichi yoyote ikiwashwa hutoa cheche ndogo. Nyumbani haina neno. Shimoni kwenye mvuke, hiyo ndogo inatosha.

“Sasa pampu si inakaa humo humo kwenye tangi?” akauliza.

“Ndiyo. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya humo. Boksi lake la kuungia nyaya ni la chuma kinene, mfuniko umelala sawasawa. Mvuke ukiingia ukalipuka, unalipukia ndani. Moto ukipita kwenye mwanya mwembamba wa chini ya mfuniko unapoa, hautoki ukiwa unawaka. Wamelilipua mara nyingi kiwandani kuhakikisha, ndipo wakalipatia cheti na kuligonga alama ya Ex.”

“Kumbe wanalilipua makusudi.”

“Makusudi kabisa.”

Akashika tumbo, akasema mtoto amepiga teke, labda naye hataki habari za kulipuka.

Alhamisi, 30 Januari

Leo lori la mafuta limekuja. Sikuwa nimeambiwa. Nilimwambia mzee kwa heshima kwamba tangi hujazwa baada ya mkaguzi kupita. Akasema, “Mwanangu, mvua hizi zikikolea hakuna lori litakalovuka mto ule mpaka Mei. Nikisubiri mkaguzi nitafungua sheli ya maji.” Nikampigia simu mkaguzi, Bwana Cleopa, yuko Songea. Akasema mafuta yakishaingia yakae. Kufuli lifungwe, ufunguo nikae nao mimi, na hakuna anayefungua tangi hata kwa kuchungulia mpaka afike. Likiharibika jambo, wa kulaumiwa ni mimi mwenye ufunguo.

Nimeuvaa ufunguo shingoni pamoja na rozari.

Jumatano, 5 Februari

Thabiti amefika na boksi la pampu na mashine ya kuuzia, kwenye Canter. Kijana mchangamfu, ananiita injinia. Nimemwambia mimi ni fundi. Kaendelea na injinia. Asia kapika wali wa nazi. Vyeti vyote vipo, namba za kwenye kibati zinalingana na za kwenye karatasi. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 6 Februari

Nimefungua boksi la pampu leo asubuhi. Kwa nje limepakwa rangi mpya. Nilipopitisha kidole kwenye uso ambapo mfuniko hulala, kilikwaruzwa. Pale panatakiwa kuwa kama kioo. Mtu amepasugua kwa mashine ya kusagia vyuma kutoa kutu. Nikalitoa nje juani. Ubavuni, chini ya rangi, kuna tundu lililotobolewa kwa drili ili kupitisha waya wa pili, likazibwa kwa kizibo cha plastiki, kile cha kufungia taa za bafuni.

Nililiweka mapajani, nikalinganisha namba tena. Cheti chake ni cha kweli. Boksi nalo ni la kweli. Ila lililopewa cheti na hili la mapajani si kitu kimoja tena. Likilipuka ndani, moto utatoka pale kwenye plastiki na kwenye uso uliokwaruzwa, utakuta shimo la mvuke, na chini ya shimo kuna tangi lililojaa.

Nilimwita Thabiti kwanza, sikutaka kumwaibisha mbele ya mkwewe. Akaangalia, akasema, “Aliyeniuzia alisema limefanyiwa sevisi.”

“Kwa hiyo si jipya.”

“Injinia, jipya na la sevisi nzuri ni kitu kimoja.”

“Mzee anajua?”

Akaangalia ziwani. “Usimwambie leo. Nipe siku mbili nitafute lingine.”

Nikamwambia siwezi kula chakula cha mzee jioni nikiwa nalijua hili. Akaondoka bila kuaga. Jioni nikamwambia mzee. Alilishika lile boksi akaligeuzageuza, akaingiza kidole chake kidogo kwenye lile tundu. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, “Haliwezi kuzibwa kwa kuchomelea?”

“Likichomelewa litakuwa boksi zuri la kuwekea misumari, mzee. Humu haliwezi kuingia.”

Jumamosi, 8 Februari

Nyumba imenuna. Mzee na mkwewe wamezungumza ndani, mlango umefungwa. Asia hakuja sheli. Boksi jipya limeagizwa Dar es Salaam kwa mawakala wa mtengenezaji mwenyewe. Litachukua wiki kadhaa. Nimezitenganisha nyaya zote za pampu kutoka kwenye swichi kuu ili hata mtu akijisahau akawasha, hakuna kitakachotokea.

Jumanne, 11 Februari

Mvua.

Jumamosi, 15 Februari

Mto umefunga. Mtu mmoja alijaribu na pikipiki, pikipiki imekwenda, yeye kashikwa na mti. Thabiti alivuka jana kurudi Mbinga, kawahi. Bidhaa zinaanza kwisha dukani. Petroli ya chupa imeisha. Wavuvi wenye injini sasa wanapiga kasia, na wakipita mbele ya sheli wananitazama mimi, si mzee. Najua wanachosema. Petroli ya kijiji kizima iko chini ya miguu yangu.

Jumatano, 19 Februari

Twaha amekuja asubuhi. Ndiye mwenye boti ya injini kubwa kuliko zote hapa. Mtu wa maneno machache, nilikuwa namwona mwenye kiburi. Baba yake ana ngiri, tangu jana imekaza, anatapika. Nesi Margareta wa zahanati amesema apelekwe hospitali Liuli leo hii. Kwa barabara haiwezekani.

“Nipe lita kumi tu, fundi.”

Nikamweleza. Pampu haina boksi, haiwashwi.

“Sisemi uwashe. Fungua pale juu, tuteke.”

“Tangi halifunguliwi mpaka mkaguzi aje. Nimeahidi. Na nikilifungua kwa mmoja, kesho watakuja hamsini na ndoo za plastiki, mwingine na sigara.”

“Mimi sivuti sigara.”

“Twaha, sheria ndiyo hiyo.”

Hakubishana. Alitazama ufunguo shingoni mwangu, akageuka. Mchana niliwaona wakipita na mzee wake kwenye kitanda cha kamba, watu wanane, wanaelekea mtoni kwa miguu.

Alhamisi, 20 Februari

Walimvusha kwa bega, maji kifuani, kisha wakatembea. Wamefika Liuli usiku. Amepasuliwa. Wamekata kipande cha utumbo kilichokwisha kufa. Yuko hai. Margareta kanieleza haya kwa sauti ya kawaida kabisa, akaongeza, “Ulifanya ulivyoelekezwa.” Sikujua kama ananitetea.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo wa Ramadhani umeanza. Bi Hasna ananiwekea uji wangu asubuhi jikoni, kaufunika kwa sahani, nami nakula nimegeukia ukutani. Kasema nisijifiche, yeye hatamani uji wa mtu.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padre hakuweza kuvuka, katekista katupaka majivu. Sasa nyumba yote tunafunga, kila mtu kwa utaratibu wake. Mzee kaniambia, “Leo jikoni kuna paka tu.” Ni mara ya kwanza ananitania tangu habari ya boksi.

Jumamosi, 8 Machi

Thabiti amerudi. Kavuka mto kwa kamba, nguo kichwani. Asia amekaribia. Boksi bado.

Jumatano, 12 Machi

Naandika haya asubuhi ya tarehe 13, jana sikuweza kushika kalamu, mikono ilikuwa inanuka petroli.

Asia alianza uchungu juzi jioni. Jana saa nne asubuhi Margareta alitoka zahanati akamwita Bi Hasna pembeni. Mtoto amelala kwa kukingama. Hatatoka kwa njia ya kawaida, ni upasuaji, na upasuaji uko Liuli. Alikuwa ameshawapigia, wanamsubiri. Gari lao lilifika ng'ambo ya mto likasimama pale, maji yanashuka na magogo. Hakuna wa kumvusha mjamzito kwa bega. Ziwani kulikuwa na mawimbi, mtumbwi wa kasia usingefika. Boti ya injini ingefika. Petroli haikuwepo kijiji kizima.

Nilikuwa sheli niliposikia mlio wa chuma nyuma ya ukuta. Ni Thabiti. Amefungua sanduku la swichi kuu na anarudisha zile nyaya nilizozitenganisha. Lile boksi bovu kalichukua stoo, kalipachika tayari shimoni juu ya tangi.

“Thabiti, shuka hapo.”

“Dakika moja. Nawasha dakika moja, nazima. Dakika moja haiwezi kulipuka.”

“Inalipuka ukiwasha. Haisubiri dakika.”

“Mke wangu anakufa!” Alikuwa analia, na plaizi mkononi. “Wewe na alama zako! Mke wangu anakufa!”

Nikamshika mkono, akanisukuma, nikaanguka kwenye matope. Nilipoinuka mzee alikuwa amefika. Amefunga, midomo imekauka, kanzu imelowa mpaka magotini. Hakumgusa. Alisema, “Thabiti. Asia yuko zahanati, mita mia kutoka hapa. Ukiwasha hicho, unamchoma wewe mwenyewe.” Thabiti akaketi chini pale pale. Mzee akachukua ile plaizi. Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya kuomba, nami sikuzoea kuombwa na mtu wa umri ule. “Haya fundi. Umetuambia kisichowezekana tangu Februari. Leo tuambie kinachowezekana.”

Nilisimama na matope usoni. Na ukweli ni kwamba jibu halikuchukua hata muda wa kupumua. Kinachokatazwa ni cheche. Umeme ukiondoka kabisa, kinachobaki ni mafuta, hewa na mikono yetu. Kwenye boksi langu nina kopo la shaba lenye kamba ya pamba, la kushushia ndani ya tangi kuangalia kama maji yameingia. Shaba haitoi cheche ikigonga chuma. Kamba ya pamba haitengenezi umeme wa msuguano kama nailoni. Kopo lile linaingia kwenye bomba la kupimia mafuta, lile lenye kufuli. Linateka chini ya lita moja.

Nikazima umeme kwenye nguzo, wa sheli na wa nyumba za jirani. Nikamwambia Bi Hasna majiko yote ya upande ule yazimwe na simu zote zikae nyumbani kwake. Alizunguka mwenyewe na ndoo ya maji, na kwa mama mmoja aliyekuwa anabisha nikasikia jiko likilia *fyaa*. Mvua ilikuwa imelowesha kila kitu, hilo lilitusaidia. Upepo wa ziwani ulikuwa unavuma, nikawapanga watu wote wakae upande unakotoka.

Ikabaki chombo na boti. Nikamfuata Twaha mwenyewe. Alikuwa anashona nyavu kwenye baraza. Nikamweleza hali ya Asia, nikamwambia nataka tangi la injini yake, lile la chuma, si madumu. Na yeye mwenyewe.

Akaendelea kuvuta uzi mpaka mwisho wa fundo.

“Mtateka?”

“Tutateka kwa kopo.”

“Kopo limekuja lini?”

Akainuka, akaliweka tangi begani. Njiani akasema, bila kunitazama, “Asia nitampeleka. Hana kosa lolote kwangu. Lakini nikirudi, utaniambia kwa nini kopo hilo halikuwepo siku ya baba.”

Tuliliweka tangi la chuma chini kwenye udongo uliolowa, nikaliunganisha kwa waya na bomba ili cheche isiruke kati ya viwili hivyo. Nikavua ufunguo, nikafungua kufuli. Harufu ilipanda, macho yakaniwasha. Mzee alikataa mtu mwingine ashushe kopo. Alipiga magoti, akalishusha polepole kama anayeteka maji kisima cha mbali, akalipandisha, mimi nikamimina kwa faneli ya shaba. Anashusha, anapandisha. Kila kopo lilikuwa dogo. Nilitaka kumwambia aharakishe, sikumwambia. Thabiti alikuwa amesimama mbali na ndoo ya mchanga mikononi, niliyompa ashike ili awe na cha kushika. Petroli ilimlowesha mzee mikono yote, nikamfanya avue kanzu kwa sababu ilikuwa ya nailoni, akabaki na fulana na msuli wa pamba. Tuliendelea mpaka Twaha aliponyanyua tangi, akalitikisa, akasema, “Linatosha kwenda. Kurudi si shida yangu leo.”

Nikafunga kufuli. Walimbeba Asia kwa godoro, Margareta akaingia naye, Thabiti akafuata majini akashika ukingo. Injini iliwaka mara ya tatu. Boti ilipanda wimbi la kwanza imeinuka pua, nikaona kichwa cha Bi Hasna, kumbe na yeye alikuwa amepanda.

Mzee alifuturu kwa maji tu. Tulikaa barazani. Simu ya Margareta ilikuja baada ya swala ya isha. Mtoto wa kike. Mama mzima. Mzee aliniambia, “Nenda ukaoge, unanuka sheli,” akaingia ndani, nikamsikia akilia.

Ijumaa, 14 Machi

Twaha amerudi. Amekuja moja kwa moja sheli, hakukaa.

“Haya.”

Nikamwambia kopo lilikuwepo. Lilikuwa kwenye boksi langu tangu Januari. Siku ile niliambiwa tangi lisifunguliwe na nikaishia hapo, sikuuliza lisifunguliwe kwa nini. Kwa Asia niliuliza.

“Kwa sababu unakula kwao.”

“Labda,” nikasema. “Na kwa sababu nilishamwona baba yako akipitishwa kwenye kitanda.”

Akatazama mashine ya kuuzia iliyofunikwa turubai. “Mimi sijui ni ipi kati ya sababu hizo mbili iliyokufanya uulize,” akasema. Akaondoka.

Mimi pia sijui. Nimemwandikia Bwana Cleopa kila kitu kwa ujumbe wa simu, mpaka lile kopo na ile fulana ya mzee.

Jumanne, 25 Machi

Asia na mtoto wamerudi kwa boti. Jina la mtoto bado. Nimekwenda kwa baba yake Twaha. Amekonda, anakula uji tu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaa, tukazungumza habari za mvua za Kitura kwetu na kilimo cha ngolo, kile cha mashimo kwenye miteremko, alichowahi kukiona ujanani. Sikusema lililonipeleka wala yeye hakuuliza. Nilipoinuka akasema nije tena.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pilau. Mtoto ameitwa Saida.

Jumanne, 8 Aprili

Mto umeshuka. Bwana Cleopa amefika na buti za mpira. Mtu mfupi, mpole mno, na upole wake unaogopesha. Nilidhani atanipokonya leseni hapo hapo. Alisema kwanza nimwonyeshe. Nikamwonyesha bila kufungua: nilisimama wapi, waya ulipita wapi, upepo ulitoka wapi. Akasikiliza yote. Akauliza, “Na kama ungeungua na mzee wa watu, ningewaandikia nini nyumbani kwako?”

Akahesabu kwa vidole.

“Kosa la kwanza ni lori la Januari. Hilo ni la mzee, na ni langu pia, ningekuja siku ile ile. Kosa la pili ni lako. Ulinipigia simu mafuta yalipoingia. Mgonjwa alipokuja, kwa nini hukupiga?”

“Wa mwezi wa pili au wa tatu?”

Akanitazama. “Wote wawili.”

Onyo la maandishi nimepewa. Sheli haitafunguliwa mpaka kila kifaa kikaguliwe upya, kimoja kimoja. Mzee hakubisha.

Kisha Cleopa akaomba lile boksi bovu. Thabiti alikuwa amelifunga kwenye karatasi tayari kumrudishia aliyemuuzia. Wote tukadhani atabisha. Alilifungua, akalitazama lile tundu, akasema, “Nikimrudishia, atalipaka rangi tena.” Akaenda kuleta nyundo kubwa. Alipiga mpaka likapasuka vipande, na alipomaliza akaendelea kupiga vipande. Cleopa alimwacha.

Jioni Twaha alikuja, kwa mara ya kwanza akaketi. Akamwambia mkaguzi kwamba mto ule utafunga tena mwakani, sheli ikiwa wazi au imefungwa, umeme ukiwepo au usiwepo. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Cleopa alikataa mapendekezo karibu yote. Alikubali moja: kibanda kidogo cha wavu wa chuma kinachopitisha hewa, mbali na mashine na nyumba, chenye kopo moja la chuma la usalama lililothibitishwa, la kutosha boti kufika Liuli, la kujazwa na fundi. Ni kwa wagonjwa tu. Kufuli liwe na ufunguo mmoja, na usikae kwa mzee wala kwangu. Ukae kwa nesi.

“Na nani anaamua ni mgonjwa?” mzee akauliza.

“Nesi,” akasema Twaha kabla ya mkaguzi. “Haangalii mtu ni wa nani.”

Alhamisi, 17 Aprili

Boksi jipya limefika. Uso wake ukiutazama unajiona. Nimelifunga kabla ya kwenda Misa ya Alhamisi Kuu, nikapima upana wa mwanya pande zote, nikapiga picha, nikamtumia Cleopa. Kajibu: “Sawa. Vizibo?” Nikampigia picha vizibo.

Jumatatu, 5 Mei

Cleopa alikagua tena kila kifaa, na leo sheli imefunguliwa. Mashine ilipowashwa watu walirudi nyuma kidogo, kisha wakacheka. Mzee aliniita mbele, akasema kwa wote, “Huyu alininyima kufungua biashara yangu miezi mitatu,” akanishika bega hakuniachia. Twaha alijaza tangi lake kama mteja yeyote, akapanga foleni. Kibanda cha wavu kimekamilika, chekundu, ufunguo Margareta kautia mfukoni mwa sare.

Jumapili, 18 Mei

Niko Kitura. Kahawa imeanza kuiva kwenye miti ya chini, mama anasema wiki ijayo tunaanza kuchuma. Asubuhi kuna ukungu mpaka saa tatu.

Margareta amenipigia baada ya Misa. Ufunguo umetumika jana, mara ya kwanza. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, mashine imelala. Nikauliza ni nani. Akasema hamjui. Mtumbwi wa kutoka ng'ambo, Malawi, upepo umewasukuma mpaka Chimbwe, mmoja wao mkono umesagwa na mwamba, damu nyingi. Hawajui Kiswahili, waliongea Kinyasa na wazee. Twaha kampeleka Liuli.

“Aliuliza chochote?” nikasema.

“Nani, Twaha? Aliuliza tu kama kopo limejaa.”